Goti la Mwanamichezo: Upasuaji Ulikotoka na Miezi Tisa ya Nyumbani

Leo tunaongea juu ya goti la kijana anayecheza mpira, na hasa ile kano ya ndani ya goti inapokatika. Nimeamua kuieleza habari hii kwa kupitia historia yake. Maswali mnayoniuliza mitaani, kuanzia Kibokoni hadi Bondeni, ni yale yale ambayo madaktari walijiuliza kwa zaidi ya miaka mia moja. Afungwe plasta au asifungwe? Akandwe? Apasuliwe au aachwe? Na liko lile swali la kijana mwenyewe, analouliza kabla hata nyuzi hazijatolewa: nitarudi uwanjani lini?

Kwanza tujue tunazungumzia nini. Goti ni mahali mfupa wa paja unapokutana na mfupa wa muundi, na mbele yake pana kifuniko tunachokiita pia ya goti. Mifupa hii haikushikana kama mlango na bawaba. Imekaliana tu, mmoja juu ya mwingine. Kinachoizuia isiteleze ni kano, yaani kamba ngumu zinazofunga mfupa kwa mfupa. Kubwa ni nne: moja kila upande wa goti, na mbili ndani kabisa zinazopishana kama alama ya msalaba. Ile ya mbele kati ya hizi mbili huuzuia muundi usitoke kwenda mbele, na ndiyo inayowakatikia sana wachezaji. Urefu wake ni kama sentimita tatu, na unene wake ni karibu na wa kidole chako kidogo.

Mara nyingi haikatiki kwa kukanyagwa wala kupigwa. Kijana anakimbia, anageuka ghafla, mguu umekita chini, goti linajipinda kwa ndani. Au ameruka akatua vibaya. Wengi husikia mlio, kisha goti linafura ndani ya saa chache. Baada ya wiki mbili tatu uvimbe unashuka, anatembea, na kila mtu nyumbani anasema amepona. Halafu siku moja anashuka ngazi, na ngazi za nyumba zetu za Mji wa Kale mnazijua zilivyosimama, goti linaachia na yeye anaanguka. Ukisikia mtoto anasema goti linamtoka, usiseme anajidekeza. Mpeleke kliniki ya mifupa.

Sasa tuingie katika historia. Anayekumbukwa kwa kuzieleza kano hizi zamani sana ni Galen, tabibu wa Kigiriki aliyezaliwa karibu mwaka 129 katika mji wa Pergamon, ambao leo uko Uturuki. Alipokuwa kijana alipewa kazi ya kuwatibu watu waliokuwa wakipigana kwa mapanga mbele ya watazamaji. Kwa maneno mengine, alikuwa daktari wa timu! Vitabu vyake vilikuja kutafsiriwa kwa Kiarabu huko Baghdad katika karne ya 9, na Hunayn bin Ishaq ndiye aliyefanya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Utabibu uliotokana na vitabu vile ndio ulioitwa wa Kiyunani. Galen alijua kano zilivyokaa, lakini hakuwa na njia ya kuzishona. Hebu fikiria kufungua goti la mtu bila nusu kaputi na bila dawa ya kuua vijidudu.

Mwaka 1845, Mfaransa Amédée Bonnet wa mji wa Lyon aliandika dalili ambazo mpaka leo sisi wauguzi tunaziuliza: mlio, damu kujaa ndani ya goti, na goti kukosa nguvu. Aliandika na jambo la pili: kuufunga mguu usitikisike kwa muda mrefu kunaudhuru. Lishikeni neno hilo, tutalirudia.

Miaka hamsini ikapita. Mwaka 1895, katika mji wa Leeds huko Uingereza, daktari Arthur Mayo-Robson alimfungua goti mchimba migodi wa miaka 41, akazishona kano zake mbili za ndani kwa uzi uliotengenezwa kwa utumbo wa mnyama. Miaka sita baadaye mtu yule alikuwa akitembea bila kuchechemea. Msidhani haya ni mambo ya kale mno. Hospitali ya Mombasa, hii iliyo karibu na Ngomeni, ilikuwa imeanzishwa miaka minne kabla yake, mwaka 1891.

Lakini kushona hakukutosha. Kano hii ikikatika, ncha zake hubaki zimechanika kama kamba kuukuu ya mtungi, na maji maji ya ndani ya goti hayaziachi zishikane vizuri. Ndipo mwaka 1917 daktari Ernest Hey Groves wa Bristol akaja na wazo jipya: badala ya kuishona iliyokatika, akatwaa ukanda wa nyama ngumu ya ubavuni mwa paja la mgonjwa mwenyewe, akaupitisha ndani ya goti, akaufanya kano mpya. Wazo hilo ndilo linalotumika hadi leo. Kilichobadilika ni mahali ukanda unapochukuliwa. Mwaka 1963 Kenneth Jones wa Marekani alitumia ukano ulioko chini ya pia ya goti. Baadaye wengi wakahamia kwenye kano za misuli ya nyuma ya paja. Kwa hiyo daktari akikwambia, "Tutachukua kano nyuma ya paja lake tuipandikize," usiogope kwamba anamharibu mguu mzima mtoto. Misuli ile hupata nguvu tena kwa mazoezi.

Habari ya darubini ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa sababu imeanzia katika maisha ya nyumbani. Huko Japani watu walikuwa wakikaa chini, wakipiga magoti juu ya mikeka, kama sisi. Kifua kikuu cha goti kiliacha magoti ya watu yakikakamaa, na mtu asiyeweza kukunja goti alipata taabu hata ya kukaa na jamaa zake. Daktari Kenji Takagi wa Tokyo alitaka kuuona ugonjwa mapema, kabla goti halijakakamaa. Mwaka 1918 akachukua chombo cha kutazamia kibofu, akakiingiza katika goti la maiti, akachungulia. Mwanafunzi wake, Masaki Watanabe, aliendelea kukitengeneza chombo hicho mpaka mwaka 1959 akapata darubini iliyofaa kweli. Mwaka 1980 David Dandy wa Cambridge akatengeneza kano ya goti akisaidiwa na darubini. Leo matundu mawili matatu madogo na mkato mfupi vinatosha, mahali ambapo zamani goti lilipasuliwa wazi.

Turudi kidogo nyuma, tuje kwetu. Mwaka 1965 timu ya Feisal ya hapa Mombasa ilichukua ubingwa wa Kenya, na wazee wa mji huu bado wanaisimulia. Katika miaka ile mchezaji aliyekatikiwa na kano ya ndani ya goti, awe ni wa Mombasa au wa Manchester, alikuwa na matumaini madogo. Hata aliyepasuliwa alifungwa plasta kutoka pajani hadi mguuni kwa wiki sita au zaidi. Plasta ilipotolewa, paja lilikuwa limekonda kama mkono, goti halikunyooka wala kukunjika. Kano ilikuwa mpya, lakini mguu wa kucheza haukuwapo. Onyo la Bonnet lilikuwa limesahauliwa.

Aliyeligeuza jambo hili ni daktari Donald Shelbourne wa Indianapolis, Marekani, pamoja na mwenzake Paul Nitz. Waliwatazama wagonjwa wao kwa makini, wakaona ajabu: wale wasiosikia, waliojitoa vishikizo vya goti mapema na kuanza kutembea, walikuwa wakipona vizuri kuliko watiifu. Mwaka 1990 wakachapisha utaratibu mpya: mguu unyooshwe mara moja, mgonjwa akanyage mapema, mazoezi yaanze siku za kwanza. Vijana wakisikia habari hii hufurahi sana! Lakini sikilizeni vizuri. Walichokithibitisha ni kwamba goti litikiswe mapema. Hilo halimaanishi kwamba kijana arudi mpirani mapema. Mambo haya mawili yanachanganywa sana, na ndipo wengi wanapoumia tena.

Haraka ilikuwa imewaponza madaktari wenyewe. Katika miaka ya 1980 walijaribu kano za bandia, za nyuzi za kaboni na za plastiki, ili mchezaji arudi uwanjani upesi. Mwanzoni zilionekana kama muujiza. Baadaye nyingi zilisagika na kukatika, vipande vyake vikalifanya goti lifure, na sehemu kubwa zikaachwa.

Kwa nini kano ya mwili wenyewe haiwezi kuharakishwa? Kwa sababu ukanda uliopandikizwa huwa hauna damu inayopita ndani yake. Mwili huujenga upya polepole, na katika kuujenga hulazimika kwanza kuulegeza. Kati ya wiki ya 6 na ya 12 kano mpya huwa dhaifu kuliko siku ilipowekwa. Na angalia, mama: wakati huo huo maumivu yameisha, uvimbe umekwisha, kijana anatembea sawasawa, na marafiki wanakuja mlangoni kumwita. Kipindi ambacho anajiona amepona ndicho kipindi kano yake iko dhaifu zaidi. Huo ndio wakati wa mlezi kusimama kidete.

Wataalamu wa Norwe na Marekani walichapisha uchunguzi mwaka 2016 juu ya wachezaji waliofanyiwa upasuaji huu. Waliona kwamba kila mwezi mmoja mchezaji alioongeza kusubiri, mpaka kufikia miezi tisa, ulipunguza karibu nusu ya hatari ya kuumia tena. Na mwaka huo huo, tafiti nyingi zilipojumlishwa, ilionekana kwamba kati ya vijana wa chini ya miaka 25 waliorudi michezoni, karibu mmoja kati ya wanne aliumia tena, ama goti lile lile ama la pili. Mmoja kati ya wanne si mchezo.

Sasa niwageukie wenye mabinti. Zamani swali hili halikuwahusu sana, leo linawahusu. Kilifi kuna shirika la Moving the Goalposts ambalo tangu mwaka 2001 limewatia wasichana wengi wa pwani uwanjani, na mwaka 2016 Harambee Starlets walifika Kombe la Afrika la wanawake kwa mara ya kwanza. Ni jambo la kheri. Lakini msichana anayecheza michezo ya kuruka na kugeuka hukatikiwa na kano hii mara kadhaa zaidi ya mvulana anayecheza mchezo ule ule. Sababu zinazotajwa ni nyingi: umbo la nyonga na goti, jinsi anavyotua baada ya kuruka, homoni, na pia kukosa mafunzo ya nguvu tangu utotoni na viwanja vibovu. Hata nyota wa dunia hawakusalimika. Alexia Putellas wa Uhispania alikatikiwa Julai 2022, Leah Williamson wa Uingereza Aprili 2023, Sam Kerr wa Australia Januari 2024.

Hii si sababu ya kumkataza binti kucheza. Mtoto asiyecheza ana hatari zake nyingine, na hizo nimezieleza katika kipindi cha kisukari. Liko jambo la kufanya. FIFA ina mazoezi ya kupasha mwili moto yaitwayo 11+, ambayo huchukua kama dakika ishirini na hayahitaji vifaa ila mpira: kukimbia taratibu, kusimama kwa mguu mmoja, kuchuchumaa, kuruka na kutua goti likiwa sawa na vidole vya mguu. Uchunguzi wa Norwe wa mwaka 2008, uliofuata wasichana 1,892 wa miaka 13 hadi 17, ulionyesha kwamba waliofanya mazoezi haya walipata majeraha mabaya kwa karibu nusu ya kiwango cha wenzao. Ukienda Makadara au Serani jioni, tazama timu ya mwanao inaanzaje. Ikiwa wanaingia moja kwa moja kupiga mpira golini, zungumza na kocha kwa adabu.

Na ikishatokea? Siku ya kwanza apumzishe mguu, auinue, aweke barafu iliyofungwa kitambaani kwa dakika kama kumi na tano, kisha apumzike na kurudia. Bendeji iwe ya kubana kiasi, isimkate damu. Kuhusu kukandwa: sina ugomvi na wakandaji wetu, wapo wenye mikono mizuri kwa mgongo na shingo. Lakini goti lililofura baada ya mlio lina damu ndani. Mafuta ya moto na kulivuta kwa nguvu siku zile za mwanzo huongeza kuvuja kwa damu, na kama pana mfupa uliovunjika, huuharibu zaidi. Kulichoma goti kwa chuma cha moto kusifanyike kabisa, maana kovu na usaha mahali pale humfungia daktari njia ya upasuaji. Eksirei itaonyesha mifupa tu. Kano huonekana kwa picha ya MRI, ingawa daktari mwenye uzoefu huijua kwa mikono yake kwa kuuvuta muundi taratibu.

Si kila goti linapasuliwa, na hili wengi hawaambiwi. Mwaka 2010 huko Sweden, vijana 121 waligawanywa kwa kura: nusu walipasuliwa mapema, nusu wakaanza na mazoezi, wakapasuliwa baadaye ikibidi. Baada ya miaka miwili hali zao zilikuwa karibu sawa, na zaidi ya nusu ya wale wa mazoezi hawakuwa wamehitaji kisu. Kwa hiyo kama kijana wako hachezi michezo ya kugeuka ghafla, na goti halimtoki, una haki ya kumuuliza daktari kama mazoezi ya miezi mitatu yatatosha. Kama anacheza kwa dhati, au goti linaachia hata nyumbani, upasuaji una faida, kwa sababu kila goti linapoteleza gegedu za ndani huchanika. Na kama mtoto bado anarefuka, mwambie daktari. Upasuaji wa mtoto anayekua una njia yake, ili mfupa usije ukakua kombo.

Uliza gharama mapema. Bima ya NHIF iliyokuwapo tangu 1966 ilimaliza kazi yake mwaka 2024 na SHA ikachukua mahali pake Oktoba mwaka huo. Hakikisha familia imeandikishwa, na uliza hospitalini kwa maneno wazi: bima inalipa nini katika upasuaji, skrubu, picha, na fiziotherapia? Nimeona familia zikichanga kila senti kwa ajili ya siku ya upasuaji, harambee ikafanywa, halafu nauli ya kwenda mazoezini ikakosekana mwezi wa pili. Afadhali kuzigawa fedha tangu mwanzo.

Akirudi nyumbani, kosa la kwanza hufanywa kwa huruma: mto chini ya goti. Mtoto anaona raha, mama anaona amemsaidia, na goti linazoea kukaa limekunjwa. Mto uwekwe chini ya kisigino, goti lilale wima. Goti lisilonyooka sawasawa katika wiki za mwanzo hunyooka kwa taabu sana baadaye. Magongo atayatumia kwa wiki mbili hivi au zaidi, kwa kadiri alivyoelekezwa. Ikiwa mnaishi ghorofani, fanyeni mpango alale chini kwa muda. Asali akiwa kitini mpaka daktari amruhusu kupiga magoti, na aliyechukuliwa ukano chini ya pia ya goti anaweza kusikia maumivu akipiga magoti hata baada ya miezi mingi. Chakula ni cha kawaida: samaki, maharagwe, kunde, mayai, mboga na matunda. Supu ya mifupa ni nzuri kwa roho, lakini haitashonesha kano.

Ukiona homa, usaha, goti jekundu lenye moto, au shavu la mguu limefura na linauma, mrudishe hospitali siku hiyo hiyo, na usilikande shavu hilo. Akipata maumivu ya kifua au kukosa pumzi, usingoje asubuhi, maana damu iliyoganda mguuni huweza kupanda mapafuni.

Kukimbia polepole huja karibu mwezi wa tatu au wa nne, na ni kwa mstari ulionyooka. Mpira wenyewe, kugombania na kugeuka, si kabla ya mwezi wa tisa. Kwa kijana mdogo madaktari wengi sasa hupendelea mwaka mzima. Akilalamika kwamba maisha yake ya mpira yamekwisha, mpe mfano wa Brian Mandela, beki aliyeichezea Harambee Stars. Aliumia goti mazoezini Ufaransa Juni 2019, siku chache kabla ya Kombe la Afrika kule Misri, akayakosa mashindano yote. Mwaka 2020 alisajiliwa na Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini.

Na mwezi wa tisa ukifika, kalenda peke yake haitoshi. Kuna vipimo: nguvu ya paja lililopasuliwa iwe angalau asilimia 90 ya lile zima, aruke kwa mguu mmoja na afike karibu sawa na mguu wa pili, atue bila goti kuingia ndani, na mwenyewe asiwe na hofu nalo. Akishindwa kimoja, anarudi mazoezini wiki kadhaa kisha anapimwa tena. Vipimo hivyo mwombeni mtaalamu wa fiziotherapia avifanye mbele yenu, na matokeo yaandikwe katika kadi ya mtoto.